Rudia Ahesabu Mikono

Mdogo wangu tulimwita Rudia, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ni mhandisi wa lifti. Katika karakana yetu chuma hakikatwi mpaka kipimwe mara tatu, na watu watatu tofauti. Yeye hupima wa mwisho, tepu mkono wa kushoto, mkono anaoutumia kwa kila kitu. Ukimletea kipimo kimoja, hata uape, atakujibu neno moja tu: "Rudia." Mafundi walimwiga akiwapa mgongo, nami niliyekuwa nikishika funguo na mafaili nilicheka kuliko wote.

Bungeni aliingia kwa zali tu. Mbunge wetu alijiuzulu, chama kikatafuta mfanyabiashara mpole asiyesumbua, wakamwona yeye. Mimi ndiye niliyemsukuma. Tena nisijifanye mtakatifu: sikuwa na uchungu wa nchi, nilikuwa na uchungu wa karakana. Miezi minne hatujapata kazi mpya, mafundi ishirini na sita wanashinda wakisugua spana zilizokwisha kung'aa.

Ndipo rais, muda wake ukiwa ukingoni, akagundua kwamba anatupenda mno, hawezi kutuacha. Katiba ilimtaka aondoke. Kuibadilisha kulihitaji kura mia na ishirini kati ya mia na themanini. Mahakama ikasema hivi, Bunge likasema vile, askari wakajaa mitaani. Waziri mmoja akaja karakana, akakalia kiti chetu kisicho na mgongo, akaegemea, akaponea chupuchupu. Alipokaa sawa akaeleza kwamba jengo jipya la serikali, ghorofa ishirini, litahitaji lifti sita, na zabuni hiyo itamwendea mtu wa kusema ndiyo. Mdogo wangu akasema ndiyo. Nikamtolea waziri vile vikombe vya wageni.

Siku ya kura nilikaa juu, kwenye roshani ya wageni, roho mkononi. Spika akaagiza wanaounga mkono wanyooshe mikono. Mdogo wangu akanyoosha wa kulia, nikashusha pumzi. Katibu wa Bunge akahesabu chapuchapu, akatangaza mia na ishirini kamili. Watu wakaanza kukumbatiana. Spika akainua nyundo yake.

"Rudia," nikasikia.

Ukumbi mzima ukageuka. Jamani, nilitamani ardhi inimeze: hata hapa! Alikuwa amesimama, akieleza kwa adabu zote kwamba hakuna kitu kinachokatwa kwa kipimo kimoja, na kwamba kanuni zinamruhusu mbunge yeyote kudai hesabu irudiwe. Spika akauma meno, akakubali. Mikono ikapanda tena. Katibu akapita safu kwa safu, na mdogo wangu naye, bado amesimama, akawa anahesabu pamoja naye, kidole mbele, midomo ikichezacheza kana kwamba yuko karakana.

Mia na kumi na tisa.

Safari hii aliyesema irudiwe ni Spika mwenyewe. Mia na kumi na tisa. Wenzake wakamrukia mzee mmoja aliyezoea kusinzia, naye akaapa kwa wajukuu wake kwamba alikuwa macho. Hoja ikaanguka, na mwezi uliofuata rais akafungasha.

Waziri alipopiga simu, mdogo wangu alimjibu kinyonge kwamba alikuwa akihesabu wenzake, akajisahau. Redio zikamcheka wiki nzima, mhandisi aliyesahau mkono wake. Nani atamshtaki mtu kwa kusahau? Lakini lifti sita zikaenda kwa wengine.

Nikamfuata mezani pake, nimefura. Nilikusudia kumpa vidonge vyake. Nikamkuta anachora, kalamu mkono wa kushoto, nikaukazia macho mkono huo. Kidole kilichohesabu wabunge nilikiona vizuri kutoka kule roshani. Kilikuwa cha kushoto.

"Na wa kulia ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

Hakuinua macho. "Mfukoni, dada. Ulitaka kupanda, nikaukunja ngumi."

Nje ya dirisha mafundi wetu walikuwa wamekaa juu ya makasha, hawana la kufanya. Nilitaka kuwa na hakika.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia, neno kwa neno, ila mara hii alikuwa akiwatazama wao.