Mbuzi Aliyehudhuria Mkutano wa Mtaa

Nilimwandikisha mbuzi. Nasema hili mapema nisije nikajipamba huko mbele. Kwenye karatasi ya mahudhurio ya mkutano wa mtaa niliandika jina la mbuzi wa jirani, kazi nikaweka "mkulima", na kwenye nafasi ya sahihi nikagonga dole gumba la mguu. La mguu wangu, maana mbuzi mwenyewe hakuwepo.

Nyuma ya nyumba zetu huku Boko kuna bonde. Juu tumebanana na tofali zetu, chini yalikuwa matuta ya mchicha, matembele na bamia. Mama alikuwa na matuta kumi na manne. Kila sare niliyowahi kuvaa shuleni ilitoka kwenye hayo matuta, na mie nilikuwaga nalalamika mikono inanuka mbolea ya kuku.

Halafu ukaja mchoro wa manispaa wa matumizi ya ardhi, bonde limepakwa rangi ileile ya viwanja vya nyumba. Afisa mipango miji alikuja akatueleza vizuri tu: wakazi wakikutana wakakataa, wakaleta muhtasari wa mkutano na mahudhurio yenye sahihi, bonde litachorwa upya kuwa eneo la kilimo na hakuna atakayepewa kibali cha kujenga. Mama alizunguka wiki nzima nyumba kwa nyumba kuomba watu waje. Jioni anarudi sauti imekauka, anaongea kwa mikono.

Watu wakaja. Mkutano ulikuwa uwanja wa shule ya msingi, na mwenyekiti akauliza nani ana mwandiko mzuri.

"Huyu wangu," mama akasema. "Yuko kidato cha tatu."

Akaniwekea karatasi na kidau cha wino, akainama sikioni. "Mimi utaniandika mwisho, nikishakaa. Na usicheze."

Hakukaa. Kulikuwa na mzee mmoja, dalali wa viwanja, kila mama akifungua mdomo naye anaufungua wake.

"Mama Mchicha, mji unakua! Utalima mpaka sebuleni?"

"Baba yangu, hiyo sebule yako ijenge hapo bondeni, masika utavua kambale humo humo."

Uwanja mzima ukacheka. Mie nikajivunia, nikataka na mie nichekeshe. Mwenzangu wa darasani alikuwa pembeni yangu, akanisukuma bega. "Oya, mwandike na mbuzi. Si naye anakula bondeni?"

Mistari ilikuwa imebaki tisa. Baada ya mbuzi nikamwandika Sultani Bamia. Nikamwandika Bi Matembele Chungu, mjane. Nikaendelea mpaka karatasi ikaisha, vidole vyangu vyote vina wino, tunacheka mpaka machozi. Mwenyekiti akaichukua akaigonga muhuri bila kuisoma. Alikuwa na haraka, na mwandiko ulikuwa mzuri.

Afisa aliporudi, alitaka kuhakiki. Akasimama uwanja uleule, anaita jina, mtu anajibu "nipo". Nipo, nipo, nipo. Likaitwa jina la mbuzi, hakuna wa kuitika, afisa akatia alama akaendelea.

"Sultani Bamia."

Watu wakacheka. Na mie nikacheka, mazoea.

"Bi Matembele Chungu."

Hapo hakucheka mtu. Akaita mpaka chini. Yule dalali akanyoosha mkono, mpole kama shemasi. "Mheshimiwa, kama hawa tisa ni wa kutunga, hao wengine tutawaaminije?"

Afisa akasema karatasi hiyo haiwezi kupokelewa, na muda wa kutoa maoni umeisha siku hiyo. Akaikunja mara mbili. Mama alikuwa bado amesimama, mkono nusu juu, kama mtu anayetaka kujibu swali. Nilidhani ni aibu.

Mwenyekiti akanigeukia. "Nani kaandika haya?"

"Ilikuwa utani tu, mzee," nikasema. Halafu, kwa kuchanganyikiwa, "Shikamoo."

Akanipa mgongo.

Malori ya kifusi hayakuchelewa. Yalimwaga vigae vilivyovunjika, nondo zilizopinda, masinki ya choo ya watu wa mbali, vyote juu ya matuta. Akina mama waliingia mbele ya malori wanang'oa walichoweza, mchicha wenyewe mfupi kama kidole. Bibi mmoja aliyelima pale kabla sie hatujahamia alikaa chini kwenye tuta lake, wakambeba. Bombani vijana wakaanza kuniita Katibu. Mwanzoni niliitika.

Jioni ya siku ile ya malori mama alikaa kizingitini anafunga mafungu ya mchicha aliouokoa. Nikamchania kamba za mgomba, nampa moja moja. Nilingoja kofi. Nilikuwa nimevaa shati zito makusudi. Kofi halikuja.

"Mama, nisamehe."

Akafunga fungu, akalinyunyizia maji, akalipanga kwenye beseni. Akafunga lingine. Ndipo akaongea, wala hakupandisha sauti:

"Nilisimama pale nikisubiri asome jina langu. Mbuzi ulimkumbuka."