Namna Bi Zuhra Alivyompokea Lulu

Mtu akitaka kumjua Bi Zuhra binti Hamdani asimuulize mwenyewe, maana atamjibu kwamba yeye ni mwanika dagaa tu, kisha atamgeuzia kisogo aendelee na kazi. Aniulize mimi. Chanja yangu ya kuanikia imegusana na yake hapa mwalo wa Katonga, wavuvi wanaposhushia dagaa, tangu mwanangu Ella hajaota meno, na sasa Ella ananizidi urefu. Tumegombania kivuli, tumegombania maji, tumegombania kunguru, kila mmoja akimfukuzia mwenzake. Ufukweni hapa hakuna mtu ninayempenda kumzidi yeye.

Ni mwanamke mfupi, mikono mipana kuliko umbo lake, na dagaa wake hawana chembe ya mchanga. Kazaliwa Ujiji, na watu wa Ujiji mnawajua: hata akikuuzia dagaa atakuuzia kwa adabu kana kwamba anakukaribisha harusini. Mimi ni Muha wa Heru Juu. Kwetu tunapiga makofi, tunasalimiana kwa kirefu, halafu tunasema la moyoni. Yeye la moyoni hulizungusha kwanza mpaka uchoke. Maishani mwake nadhani ni neno moja tu alilolisema bila kulizungusha, na hilo hilo likaja kumtesa.

Alimwambia Lulu, mwanawe wa pekee. Mumewe Abdulatif alifariki Lulu akiwa bado anatambaa, na tangu hapo mtoto yule akalelewa kwa dagaa: ada ya shule dagaa, sare dagaa, mpaka sherehe ya kumaliza darasa dagaa. Akakua, akawa msichana wa kutazamwa. Ndipo akaja Athumani kuposa. Kijana ana heshima, anaswali, hana neno na mtu. Kosa lake moja tu: ni fundi wa reli na kazi yake iko Tabora.

Bi Zuhra alikubali kwa mdomo. Akafanya harusi nzuri, pilau likaliwa, tukacheza hadi magoti yakatuuma. Lakini asubuhi ya safari, Lulu akifunga begi lake aende stesheni, mama mtu akasimama mlangoni akasema, "Nenda. Ila ukishapanda hiyo treni, usinipigie simu."

Nilikuwepo. Lulu alicheka, akidhani ni utani. Alipomtazama mama yake usoni akaacha kucheka. Nami nilitaka kumzaba mtu kofi, sijui nani.

Basi Lulu akatii. Simu ya batani ya Bi Zuhra ikanyamaza miezi na miezi, mpaka siku moja ikadumbukia kwenye beseni la maji ya kuoshea dagaa, ikafa kabisa. Hakuilaza hata kwenye mchele. "Ya nini," alisema, "kwani nani alikuwa ananipigia?" Ulimi umeponza kichwa, nikamwambia. Akaninunia siku ile nzima, na dagaa wangu akawaachia kunguru.

Haukupita muda, Pastory wa Gungu, anayefanya kazi kwenye treni, akaja na boksi. Simu kubwa ya kioo, laini imeshawekwa, picha ya Lulu imeshawekwa, imetoka kwa mkwe. Na habari juu yake: Lulu mjamzito.

Bodaboda ilikuwa inamsubiri Pastory nje, injini inanguruma. "Mama, akipiga utaiona sura yake imejaa kwenye kioo," alisema. "Unatelezesha kidole tu, hivi." Akapunga kidole hewani, akapanda pikipiki, akaenda zake. Mtu anamletea mwenzake chombo kipya anamfundisha kwa kupunga hewa! Nikimkumbuka mpaka leo damu inanichemka.

Kwao Bi Zuhra mimba ya kwanza hujifunguliwa kwa mama. Hilo halina mjadala. Basi bila kuniambia neno alianza kuandaa chumba cha ndani. Alikipaka chokaa mwenyewe. Alinunua godoro, akanunua doti za kanga, akaweka mawese mazuri kwa ajili ya chakula cha mzazi. Nilipomuuliza haya yote ya nani akanijibu, "Nyumba si husafishwa?" Nilijua. Alichobaki nacho ni kungoja mtoto apige, aombe kuja, na yeye aseme njoo.

Na Lulu akapiga. Jioni, Bi Zuhra akiwa nyumbani Ujiji peke yake, simu ikaita, sura ya Lulu ikajaa kwenye kioo. Kesho yake alinisimulia macho yakiwa mekundu. Alifuta mkono kwenye kanga, akatia Bismillahi, akatelezesha kidole kama alivyoelekezwa. Kimya.

"Amekata," aliniambia. "Nimepokea, yeye amekata."

Ikawa hivyo tena, na tena. Inaita, anapokea, kimya. "Mtoto huyu ananibipu," alisema siku moja, akigeuza dagaa kwa hasira mpaka wengine wakaruka mchangani. "Anataka nione sura yake tu, halafu akate. Ananilipa."

"Mpigie wewe umuulize."

"Mimi niliyemwambia asinipigie, leo nimpigie? Nile matapishi yangu?"

"Uyale. Chumvi si ipo."

Hakucheka. Meseji hakuzifungua, maana herufi za msahafu alizijua vizuri, lakini hizi za simu, kwa macho yake, zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa. Tena Lulu naye ni binti wa mama yake: jambo la kuomba radhi haliandiki, hulisema. Siku zikaenda. Nilihesabu tumbo la Lulu kimoyomoyo na kuona kwamba muda unafika, na chumba bado kitupu, na simu imeacha kuita. Bi Zuhra alikonda. Akawa anaanika dagaa bila hata kuwatukana kunguru, nikajua hapo huyu mtu anaumwa.

Mbalamwezi inayozuia uvuvi wa dagaa ikapita, wavuvi wakarudi ziwani, na asubuhi moja dagaa wakashuka wengi. Tulikuwa tumeinama kwenye chanja, mikono imejaa magamba, simu ikaita kwenye pindo la kanga yake.

Aliichomoa upesi. Nikamwona Lulu kwenye kioo, anacheka, picha ya harusini. Bi Zuhra akafuta kidole. Akatia Bismillahi. Halafu akakiweka kidole juu kabisa, kwenye paji la uso la mwanawe, akakishusha taratibu, akapita puani, akapita mdomoni, mpaka kidevuni, vile Waislamu wanavyojipangusa uso wakimaliza kuomba dua. Alifanya kwa upendo hata nikaona haya kutazama.

Simu ikanyamaza.

"Unaona?" alisema. "Amekata."

"We Bi Zuhra!" Nilipiga kelele mwalo mzima ukageuka. "Umemkata wewe!"

"Nimempokea."

"Umemkata! Ukishusha unakata. Kupokea unapandisha. Juu!"

Alinitazama kama mtu anayetazama kichaa. "Nipandishe? Yaani nimsukume?"

"Ndiyo, msukume!"

"Mama Ella, nina akili zangu. Mvua ikitisha, dagaa tunawavuta kwetu. Takataka ndizo tunazisukuma huko. Mgeni akija unamvuta ndani. Dua ikiisha unaishusha usoni ikuingie. Niambie, kitu gani hapa duniani mtu anakipokea kwa kukisukuma?"

Walioitengeneza simu ile hawakupita Ujiji kuuliza. Nikamtajia yale maandishi madogo yanayotokea simu ikiita, niliyoyajua kwa kichwa kutoka kwenye simu ya Ella: telezesha kidole juu ili ujibu. Akasikiliza. Kisha akakaa chini pale pale kwenye mchanga, yeye asiyependa mchanga.

"Mara zote?" aliuliza.

Ningeweza kumdanganya. "Mara zote, Bi Zuhra."

"Nilimwambia asinipigie. Akajishusha akapiga. Na mimi nikamkatia." Akaziba mdomo kwa mkono wenye magamba. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akilia mbele ya watu, hata siku ya kumzika mumewe. Nikamnyang'anya simu nikapiga mimi. Ikaita, ikaita, haikupokewa. Nikapiga tena. Haikupokewa.

"Muache," alisema. "Amechoka na mimi. Ana haki."

Niliogopa, nasema kweli. Niliona mama na mtoto wanapotezana hivi hivi, kwa kidole, na mimi nimesimama hapo na mdomo wangu wote huu sina la kufanya. Ndipo simu ikaita mkononi mwangu. Lulu.

Nilitaka kupokea upesi. Bi Zuhra akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu. "Lete. Nitampokea mwenyewe."

Akaweka kidole kidevuni pa Lulu. Hakikwenda. Niliuona mkono unakataa, unataka kurudi kwake. Akasukuma, kidole kikateleza kwa maji ya dagaa, kioo hakikushika. Simu inaita. "Futa!" nikasema. Akafuta kwenye kanga, kwenye nywele zake, kwenye blauzi yangu. Akafumba macho kama anayemtupa mtu ziwani, akausukuma uso wa mwanawe juu.

"Mama?"

Sauti ilitoka wazi kabisa. Bi Zuhra akakodoa macho. Nikamfinya.

"Lulu," akasema.

"Umepokea," Lulu alisema, akaanza kulia. "Leo umepokea."

"Nilikuwa napokea siku zote, mwanangu. Nilikuwa nakuvuta kwangu. Kumbe inataka mtu asukumwe."

Pale Lulu hakuelewa, wala nisingemlaumu. Nikainamia simu nikapayuka, "Lulu, ni mimi Mama Ella! Mama yako alikuwa anashusha kidole badala ya kupandisha! Kila alipokukata alidhani wewe ndiye umekata! Amekonda huku!"

Nyuma ya Lulu tukasikia kichanga kinalia.

Bi Zuhra akausogeza uso kwenye kioo. "Nani analia huyo?"

"Mjukuu wako. Wa kiume." Lulu alipenga kamasi. "Nilitaka nije kujifungulia nyumbani, Mama. Nilikuwa napiga kuomba. Ukawa unakata, nikasema bado hajanisamehe. Nimejifungulia huku huku."

Nilimwona Bi Zuhra akilimeza lile. Chokaa, godoro, kanga, yote yakampita usoni. Hakutaja hata moja. Akauliza, "Wewe mzima? Umekula? Nani anakukanda?"

"Mzima. Mama mkwe ananikanda. Mama, leo ndiyo siku ya saba. Wazee wamekaa sebuleni tangu asubuhi wanangoja jina. Athumani amewaambia kutoa jina la kwanza si haki yao, ni ya bibi yake mtoto aliyeko Kigoma. Nikamwambia napiga mara hii tu, akikata wampe wenyewe. Ukakata." Akambembeleza mtoto. "Nimekwenda kuwaambia wampe jina, ndiyo nikakuta umepiga."

Bi Zuhra alishika kichwa. Mpaka siku ile Athumani kwake alikuwa "huyo wa reli", hata jina hakulitaja. "Mpe mume wako simu," alisema.

"Shikamoo, mama," ikasema sauti ya mwanaume.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba, baba." Akausogeza mdomo karibu na simu. "Wamekwisha kumwita?"

"Bado, mama. Wamefungua midomo tu."

"Waambie Abdulatif!" Alisimama, na yeye asiyejua kupaza sauti aliipaza mpaka walioko kwenye mitumbwi wakasikia. Sijui kama alidhani Tabora iko ng'ambo ya ziwa. "Mwiteni Abdulatif! Abdulatif bin Athumani!"

Huko nyuma tukasikia wazee wanaitikia, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Mimi Mkatoliki wa Heru Juu nikakipokea huku Katonga, na wanawake wote wa chanja wakanifuata, hata wale wasiojua kuna nini. Kunguru walikula dagaa wetu wakashiba.

Simu ikarudi kwa Lulu. Bi Zuhra aliishika kwa mikono miwili, vidole amevikaza pembeni asije akakigusa kioo. Alitaka kujua treni ya kwanza inaondoka lini, mtoto amefanana na nani, ananyonya upande gani kwanza. Lulu akajibu yote. Kisha, kwa sauti ndogo, akauliza alilokuwa nalo muda wote.

"Mama, si uliniambia nisikupigie?"

"Nilikwambia."

"Na mimi nikapiga."

"Ukapiga," alisema Bi Zuhra. "Mungu akuzidishie ukaidi, mwanangu."