Uso wa Bibi Kwenye Bango la Kibanda Umiza

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa maigizo alikuja kwenye duka la uchapaji ninapofanya kazi, hapa Kigoma mjini, akataka bango la mchezo wa wanafunzi wake. "Liwe la kutisha," akasema. "Mtu asilipite hivi hivi." Nikaweka uso wa mwanamke kwenye kompyuta, nikautia giza juu na kuumulika kutoka chini. Mwalimu akashtuka. "Eeh! Haya umejifunzia wapi?" Nikamwambia ni mambo ya kawaida katika kazi hii. Yeye sikumweleza habari za Kasulu. Wewe nitakueleza.

Nililelewa na bibi mzaa mama. Mama alikuwa muuguzi aliyepangiwa Kibondo, anaishi chumba kimoja na mwenzake, kwa hiyo mimi nikabaki Kasulu. Mwaka ninaouzungumzia ni elfu mbili na kumi na tatu, nikiwa darasa la nne. Bibi alikuwa akiuza mihogo ya kuchemsha na maharage ya mawese mbele ya nyumba. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, watu wa mtaa walikuwa wakikutana kwenye mafiga yake. Waliokwenda shamba, waliokwenda sokoni, wanafunzi wenye sweta zilizotoboka viwiko, wote walipita wakisalimu kwa Kiha, "Mwakeye!" kisha wakachutama kuota moto. Kuni zilikuwa za mkaratusi, mara nyingi mbichi, zikifuka moshi mpaka unakohoa. Bibi akiinama kupuliza, mwanga ulimpanda usoni kutoka chini, ukaingia kwenye mikunjo yote. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Hakuna aliyeyawazia lolote.

Miongoni mwa waliokula pale alikuwamo mchoraji, kijana kutoka Ujiji aliyekuja kuandika mabango ya saluni na maduka. Hakuwa na ndugu mjini. Alikaa ng'ambo ya moto, akila polepole na kumtazama bibi kwa muda mrefu. Bibi alimpenda. "Mwana wanje, ongeza," alimwambia, yaani mwanangu, na kumtilia mchuzi kabla hajajibu.

Kwenye barabara ya sokoni kulikuwa na kibanda umiza, banda la mabati na mabenchi ambamo filamu zilionyeshwa zikiwa na sauti ya mtafsiri anayepiga kelele kuliko waigizaji. Picha za matangazo zilizokuja na filamu zilikuwa ndogo, zimepauka kwa jua. Mwenye kibanda akapata filamu ya mchawi, akamwagiza mchoraji achore bango kubwa kwenye plaiwudi.

Tulilikuta tukitoka shule. Karibu ubao wote ulikuwa mweusi. Kuelekea chini, kwa kuwa ubao ulisimamishwa ardhini, uso wa mwanamke mzee ulikuwa usawa wa nyuso zetu sisi watoto. Mwanga ulimpiga kutoka kidevuni kwenda juu, ukaacha mashimo ya giza juu ya mashavu. Macho mekundu yalitazama mbele moja kwa moja, hata ukihamia upande wa pili wa barabara bado yanakutazama. Nyuma, mbali, kijumba kidogo chenye mlango wazi, na ndani ya mlango hamna kitu. Mlango ule ndio ulionitia baridi kwanza. Kisha mwenzangu akanivuta sweta.

"Si bibi yako huyu?"

Alikuwa yeye.

Kesho yake asubuhi wanafunzi hawakuchutama kwenye moto wetu. Jirani yetu, aliyekuwa akija kila siku kuomba kaa la moto, alinunua kiberiti. Kisha mtoto wake mdogo akashikwa na homa, na nikiwa kisimani nikasikia wanawake wakisema taratibu, "Yule aliyechorwa." Waliponiona wakanipisha nichote kwanza. Hawakuwahi kunipisha kabla ya siku hiyo. Unajua vikongwe wenye macho mekundu walivyokuwa wakiitwa wachawi na kukatwa mapanga pande zetu. Mimi nilijua, ingawa nilikuwa mdogo, na tangu siku ile nilikuwa naegemeza kinu mlangoni kabla ya kulala.

Bibi alipomaliza wiki nzima akirudisha mihogo ndani, alijifunga kitenge kizuri, akanishika mkono, tukaenda sokoni mchana kweupe. Alisimama mbele ya ubao. Watu wakasogea mbali. Mchoraji alikuwa ndani ya kibanda, akatoka na brashi mkononi.

"Kijana, huyu ni nani?"

"Ni mchawi wa kwenye filamu, bibi."

"Na macho haya umeyatoa wapi?"

Mchoraji akainamisha kichwa. "Kwako. Picha waliyonipa ilikuwa imefutika. Sikuwa na uso mwingine ninaoujua vizuri hapa mjini."

Bibi akautazama ubao tena, muda mrefu, kama anayejitazama kwenye kioo cha mtu mwingine. "Umechora mwanga," akasema. "Moto uko wapi? Mtu akiangazwa hivi na moto hauonekani, nani hataogopa? Chora moto. Chora na mafiga yangu."

Mwenye kibanda akacheka. "Bibi, nani ataingia kumtazama mtu anachemsha mihogo?"

Lakini mchoraji alichora. Siku iliyofuata chini ya kidevu kulikuwa na mafiga, kuni na chungu, na kwa macho yangu bibi akawa bibi. Nikakimbia nyumbani kumwambia. Kabla sijafika mbali nikawasikia watu wawili waliosimama mbele ya ubao. "Umeona?" mmoja alimwambia mwenzake. "Sasa wameweka na chungu cha dawa."

Mtoto wa jirani alipona. Filamu ikabadilishwa, ubao ukapakwa rangi, ukachorwa wanaume wenye bunduki. Jirani akaanza tena kutusalimia, ila akiwa kwake, kwa kupaza sauti. Mchoraji hakurudi kula. Nilisikia amehamia Kakonko. Mama aliposikia yaliyotokea alikuja kutuchukua sote wawili. Bibi akakataa, akasema hajamkosea mtu mpaka ahame. Kwa hiyo nikaenda Kibondo mimi peke yangu, na kila likizo nilipomrudia nilimkuta kwenye mafiga yale yale, sufuria imekuwa ndogo, anakula yeye na kuku wake. Aliongea kidogo. Wakati mwingine nilihisi amesahau namna ya kuongea na zaidi ya mtu mmoja.

Alipofariki tulitafuta picha ya kuweka kwenye msalaba. Simu ya mama iliyokuwa na picha zake iliibwa stendi. Kadi yake ya kupigia kura ilikuwepo, lakini moshi na vidole vilishaufuta uso. Tukazika bila picha.

Sasa kibanda umiza hakipo, wala watu hawachutami tena mtaani kuota moto wa mtu mwingine. Binti yangu huniuliza bibi alikuwaje, namsimulia, naona hapati kitu. Halafu nakumbuka kwamba yule kijana wa Ujiji alimchora vizuri mno, kila mkunjo, na kwamba uso ule umelala kwenye ubao, chini ya rangi za watu wengine, mahali nisipopajua.