Salsabil na ndege ya kusomwa kwa vidole

Saa mbili asubuhi, Mtoni, Temeke. Salsabil Hilal anazima feni, ingawa joto limeshaanza kupanda kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya baba yake. Upepo huinua ncha ya utepe, anasema, na utepe ukiinuka mstari unapinda.

Mbele yake kuna bawa la ndege ya plastiki, urefu wake kama kiganja. Amelibandika utepe mgumu uwe kama rula, na pembeni ya utepe huo anavuta kalamu ya chuma yenye ncha kali. Unyuzi mwembamba wa plastiki unajikunja. Anaupuliza, anavuta tena.

"Ukikandamiza, ncha inakimbia," anasema bila kuinua macho. "Mie navuta kidogo kidogo mpaka ikate yenyewe."

Mistari hiyo huonyesha mabati ya ndege yalipoungana, na vimlango ambavyo mafundi huvifungua. Ndege hizi za mapambo huuzwa kwenye maboksi zikiwa vipande vipande. Zikishaunganishwa kwa gundi na kupigwa msasa, mistari mingi hufutika. Wanaozikusanya, wengi wao wakiwa hawana mkono wa kuirudisha, humletea Salsabil.

Mkono huo aliupata kwa baba yake, Mzee Hilal, sonara. Tangu usichana wake alikuwa akichora majina ndani ya pete za ndoa. Mashine za kompyuta za kuchorea zilipoingia mjini wateja wakapungua, duka la baba likafungwa. Mteja wa zamani ndiye aliyemletea ndege ya kwanza, ajaribu.

"Baba alinicheka. Akasema, 'Nimekufundisha dhahabu, wewe unaenda kuchora midoli!'" anakumbuka mama huyo wa watoto wawili. Kazi yenyewe haina uhakika. Mwezi mzuri hupata ndege tatu; mwezi mbaya hapati hata moja.

Anayoizungumzia zaidi ni ya mwaka jana. Apolonia, mwalimu mstaafu wa Goba, alimletea boksi la ndege ya abiria ya pangaboi. Ilikuwa zawadi ya kumpa mumewe, Kamugisha, fundi wa ndege aliyestaafu. Hakueleza zaidi.

Salsabil aliiunganisha, akaichora kwa wembamba wa unywele, kama wakusanyaji wanavyopenda, akaipeleka Goba mwenyewe. Kamugisha alikuwa amekaa barazani. Alinyoosha mikono kuipokea, lakini aliinyoosha pembeni kidogo ya pale ndege ilipokuwa. Hapo Salsabil akaelewa: mzee haoni. Presha ya macho ilikuwa imemaliza nuru yote.

Kamugisha aliipapasa kutoka pua mpaka mkia. "Nzuri, mwanangu. Ahsante," akasema, akaiweka mezani.

"Aliisifia kama mtu anavyosifia chai isiyo na sukari," anasema Salsabil. "Nikamwuliza, 'Baba, mistari unaisikia?' Akasema, 'Nasikia plastiki.'"

Apolonia alimsihi asijisumbue, kosa ni lake kwa kutosema mapema. Salsabil akaomba kuondoka na ndege.

Safari hii ilibidi akate mistari mipana na ya kina, kiasi kwamba mkusanyaji yeyote angesema imeharibiwa. Bawa la kwanza lilikubali. La pili, kalamu ikatoboa.

"Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Niliona haya kumpigia mama wa watu nimwambie zawadi yake nimeitoboa."

Boksi jingine kama lile lisingepatikana karibuni. Akayeyusha mabaki ya plastiki kwa gundi, akaziba tundu, akasubiri pakauke kabisa, akaanza upya.

Aliporudi Goba, vidole vya Kamugisha vilisimama tumboni mwa ndege.

"Apolonia! Njoo ushike! Huu mlango wa matairi!"

Kisha bawa. "Hapa ndipo pa mafuta. Jua la saa saba, bati linakuunguza mikono." Akaendelea, akifungua milango kwa maneno, mpaka nyuma ya injini. Akarudia mahali hapo. "Kuna mmoja umeusahau."

"Kwenye mchoro wa boksi haumo, baba."

"Basi utakuwa ulikuja baadaye. Sisi tuliufungua kila siku."

Akaweka ukucha pale. Salsabil akatia alama kwa penseli, akatoa kalamu yake na kuukata hapo hapo mezani. Apolonia anasema siku hiyo mumewe aliongea mpaka chakula kikapoa.

Jirani yao, Adelard, hufundisha watoto wasioona. Naye aliishika ndege ile, na sasa ameomba atengenezewe pantoni. Wanafunzi wake huipanda kuvuka maji kwenda Kigamboni, wanasikia honi na injini, lakini umbo lake hawalijui.

Boksi la pantoni halipo dukani. Salsabil ameshakwenda kivukoni kuichora, na anapanga kuijenga kwa plastiki tupu, bapa kwa bapa.

"Mwalimu ameniambia nikimaliza hiyo, watoto wanataka twiga," anasema, akiubandua utepe. "Nikamwambia sawa. Twiga naye ana mistari yake."