Mlenda wa Bibi Siku ya Sabasaba

Nakumbuka siku moja ya Sabasaba, mwanangu, nikiwa bado mtoto wa kung'oka meno ya mbele. Nyie mnaijua Nane Nane; enzi zetu maonyesho ya wakulima yalikuwa Julai, baridi na vumbi la Dodoma vikishindana usoni. Tulitoka Mvumi alfajiri juu ya lori la magunia: baba, mama, bibi mzaa baba, na mimi. Baba mdogo, aliyekuwa karani ofisini mjini, alikuwa ametuahidi pilau. Nasema pilau. Kwetu wali ulikuwa chakula cha Krismasi, tena mweupe, hauna hata punje ya kiungo. Wiki nzima nililala nikiitafuna pilau hiyo usingizini.

Bibi naye alibeba chake, ugali wa uwele kwenye kikapu na chungu kidogo cha mlenda, ile mboga yetu ya kuteleza. Mama alipomwambia kwamba chakula kipo huko tuendako, alijibu kuwa mkono mtupu haulambwi, akapanda lori na chungu mapajani.

Tulianza kwa kuzunguka mabandani. Kwenye banda moja masuke ya uwele yalikuwa yamening'inizwa vizuri, na mtu mwenye kipaza sauti akawa anayasifu, eti hiyo ndiyo nguvu ya mkulima wetu. Watu wakapiga makofi. Bibi alipiga kuliko wote, maana uwele ndiyo kazi iliyomchubua mikono maisha yake yote.

Kisha baba mdogo akatuingiza kwenye hema la chakula. Mkuu wake wa kazi alikuwa njiani kuja kula nasi. Sahani za pilau zikaletwa, nyama juu na kiazi pembeni. Bibi akaweka kikapu na chungu chake mezani, akavifunua. Baba mdogo akatupa jicho mlangoni.

"Mama, hivyo viweke chini ya benchi kwanza," alisema. "Mkuu akishaondoka utavitoa."

Bibi akakifunika chungu.

"Kule bandani uwele mnaupigia makofi, hapa mezani mnauonea haya. Mimi siujui uwele wa kutazamwa, mwanangu. Naujua wa kuliwa."

Akabeba chungu na kikapu, akatoka. Akatandika kanga yake palepale kando ya njia wanapopita watu wote, akaketi juani.

Sasa, kwetu mdogo hamegi kabla ya mkubwa. Bibi alikuwa hajamega, basi mezani hakuna aliyegusa kitu, na pilau ikawa inapoa. Baba akanyanyuka, akamfuata mama yake. Mama naye akamfuata. Nikabaki mimi, baba mdogo, na kile kiazi. Akanisogezea sahani, akaniambia kwa upole nile tu, mtoto hana kosa. Usidhani nilikuwa na busara, mwanangu. Nilikuwa na njaa, na nilikitaka kile kiazi kuliko kitu chochote duniani. Lakini mlangoni nilimwona bibi ameketi mbele ya chakula, ameshanawa, hajamega. Alikuwa ananisubiri. Nikaenda. Nililia nikitembea, na nililia nikila.

Wapita njia waliotusalimia kwa Kigogo, "mbukwenyi", bibi aliwakaribisha, nao wakanawa wakamega. Yule mkuu alikuja, akala pilau yake, akaenda zake, wala hakutupa jicho upande wetu. Aibu yote aliyojibebesha baba mdogo ikawa ya bure. Baadaye alikuja kusimama kando yetu, na mlenda ulikuwa umekwisha. Bibi akasogea, akamwonyesha pa kukaa. Baba mdogo alikula ugali mkavu mpaka akaumaliza.

Pilau ile sikuila, na inaniuma mpaka leo, sitakudanganya. Hata hivyo, siku ile ikirudi, nitalia vilevile na nitaenda vilevile.

Sasa nisikilize. Jana umenipigia simu kwamba Jumamosi wenzako wa ofisi za serikali kule Mtumba watakuja kuniamkia. Ukaniomba, kwa adabu kweli, nipike wali tu, hayo mengine yasubiri wakishaondoka. Nimekuelewa, na nimekataa. Wali nitapika, maana mgeni ni mgeni. Ugali wa uwele na mlenda nitapika pia, na vitakaa mbele kabisa. Asiyetaka asile, simlazimishi mtu. Ila kukificha chakula kilichonilea mimi na baba yako, hilo sitalifanya nikiwa hai.

Vaa viatu vyao, mwanangu, sema lugha zao, kula vyakula vyao mpaka ushibe. Hakuna ubaya. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Ukikionea haya chakula leo, kesho utamwonea haya aliyekipika, na mwisho utajionea haya mwenyewe, kwa sababu ndicho kilichokujenga. Mkataa kwao ni mtumwa, hata akiendeshwa kwenye gari la serikali.

Mungu akupe wageni wengi na chakula cha kuwatosha. Akupe na watoto watakaokuja kuketi nawe juani, mbele za watu, bila kungoja waitwe mara ya pili.