Tumia Kwanza, Tutakurudishia

Mtu akiniuliza siku hizi utafiti wangu ulihusu nini, namwambia ulihusu maskini na matajiri, basi, naishia hapo. Zamani ningemkalisha nimweleze mpaka chai yake ipoe. Nilikuwa na maneno mengi na mazuri juu ya jambo hilo. Yamekauka, na sina hamu ya kuyatafuta tena.

Nilikuwa nafundisha chuo kwa saa. Anayejua vyuo vyetu anaelewa maana yake: wewe si mwajiriwa, si mgeni, ni kibarua mwenye chaki. Mwanzo wa wiki nilikuwa tawi la Kitale, Alhamisi nateremka Bungoma, na malipo yalikuja yalipojisikia kuja. Kisha chuo kikabandika tangazo kwamba kuanzia mwaka unaofuata, asiye na shahada ya uzamifu hatapangiwa saa hata moja. Uzamifu wangu ulikuwa umebakiza kitu kimoja tu, kukusanya data. Msimamizi wangu, profesa mzee aliyekuwa akistaafu Desemba ile, aliniambia bila kuzunguka, "Niletee data kabla sijatoka. Nikishatoka hakuna atakayekuchukua. Wewe hapa huna mtu." Alisema kweli, wala sikumkasirikia.

Data yenyewe haikuwa mbali. Naishi Kibomet na mama yangu mzazi, na hatua chache kutoka lango letu kuna njia panda ambapo wanawake husimama alfajiri kungojea trekta za wale wanaokodi mashamba makubwa. Nyapara anashuka, anachagua anaowataka, wanapanda trela, wanaenda kupanda, kupalilia au kuvuna, kulingana na msimu. Waliobaki wanarudi nyumbani. Nilitaka kujua kwa nini mwanamke anayelima ekari za watu maisha yake yote hana hata kipande cha kupanda sukuma. Wataalamu wanaliita suala la ukosefu wa usawa. Mama yangu aliliita "mambo ambayo kila mtu anayajua."

Wa kwanza kukubali kuongea nami alikuwa mwanamke mmoja aliyeteremka kutoka Kapsokwony, kule mlimani, na kupanga chumba nyuma ya posho mill, kinu cha kusaga unga. Tulimwita hivyo tu, Mama wa Kapsokwony. Mrefu, mdomo mkali, na kanisani, maana tulisali kanisa moja, sauti yake ndiyo iliyobeba kwaya nzima. Nilimwendea nyumbani na sukari kilo na majani chai, kwa sababu kwetu huingii nyumba ya mtu mikono ikining'inia. Mkono mtupu haulambwi. Nikamsomea swali la kwanza la hojaji, lile ambalo profesa alilipenda kuliko yote: "Katika mwezi uliopita, kuna siku ulilala bila kula kwa sababu nyumbani hakukuwa na chakula?" La pili lilikuwa, "Siku ngapi?"

Akanitazama. "Mwalimu, hilo swali mtu haulizwi mbele ya watoto wake."

Nikaomba radhi. Watoto wakatumwa nje, akanijibu yote, mpaka la mwisho. Nilipokuwa nafunga mkoba akauliza, "Na wewe je? Wewe hulala umekula?"

"Mimi ndiye ninayeuliza," nikasema, tukacheka wote wawili.

Lakini nyumba moja haifanyi shahada. Nilihitaji nyumba nyingi, kule kwetu na kule juu mlimani, nauli za boda, nakala za hojaji, na mtu wa kunitafsiria Kisabaoti, lugha ya huko mlimani. Ndipo nikaanza kuomba ruzuku ndogo ndogo za chuo. Jamani, niliomba! Ya kwanza ilirudi na maoni kwamba sukari iliyo kwenye bajeti ni hongo kwa wahojiwa, iondolewe. Nikaiondoa. Ya pili ikarudi: pendekezo halionyeshi wahojiwa watafaidika vipi. Nilisoma nikiwa foleni ya choo pale tawini, nikacheka peke yangu hadi wanafunzi wakageuka. Ya tatu ikasema ukosefu wa usawa ni mada iliyochoka, ihusishwe na tabianchi. Haya. Nikatia tabianchi kila ukurasa, kama mpishi mwenye hasira anavyotia chumvi.

Waliniita Bungoma kujieleza mbele ya kamati. Watu watano wamekaa nyuma ya meza, sahani ya mandazi katikati, mimi nimesimama. Mmoja aliuliza kama nina uhakika wanawake hao hawaridhiki na maisha yao. Nilitaka kumwambia mambo. Nikameza mate, nikasema, "Hilo ndilo utafiti utakalobainisha, Profesa." Nilijichukia njia nzima mpaka Kitale.

Mwezi Agosti ikaja barua pepe ya hongera. Nimepata! Nilipiga ukelele pale barazani hadi Mama akamwaga ungo wa maharagwe. Nikamwambia, "Mama, wamenipa." Naye hakuuliza wamekupa nini, lini, kwa njia gani. Kwetu mtu akipewa, amepewa. Alikusanya maharagwe yake yote kwanza, kisha akaenda chumbani kutafuta leso mpya.

Jumapili akasimama kanisani kutoa shukrani. Mnajua shukrani zetu. Mtu hatoi kimya kimya. Anaitwa mbele na jamaa zake, wimbo unaanzishwa, watu wanatoka kwenye viti na kumsindikiza wakicheza, kila mmoja na sadaka yake. Mama akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mungu amemkumbuka mtoto wangu. Chuo kimempa pesa ya kazi yake, na ataimaliza, ataitwa daktari." Kanisa likalipuka. Mchungaji akasema kuanzia siku hiyo tumwite Mama Daktari. Mama wa Kapsokwony ndiye aliyeshika wimbo, na wenzake wa njia panda wakanishika mikono wakinichezesha hadi madhabahuni. Baadaye walikuja nyumbani, maana baada ya shukrani watu huja, na hupikiwa. Mama akamchinja yule kuku wake wa mayai.

Nilimwambia, "Mama, si ungengoja kwanza tuone?"

"Dalili ya mvua ni mawingu," akasema.

Sisi wa Kitale ndio wa kujua mawingu. Yanajikusanya juu yako mchana kutwa, kisha yanaondoka kwenda kunyesha Cherang'any.

Alhamisi nikateremka Bungoma kufuata pesa. Karani wa ofisi ya ruzuku alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Akanipongeza. Akaniambia niende nikafanye kazi, nitunze risiti zote, nikimaliza nizilete.

"Nizilete, halafu?"

"Halafu tunakurudishia."

"Mnanirudishia nini, na hamjanipa kitu?"

"Unatumia kwanza, madam. Zako. Zikipitishwa, tunakurudishia."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia, "Kijana, ningekuwa nazo, ningeomba?" Akaona aibu, akaanza kupanga kalamu zake. Alisema si yeye aliyetunga sheria, ni kwa sababu ya watu waliokula pesa zamani, na kwamba wengine wote wanaweza. Wengine gani? Wenye mshahara wa kila mwezi, wenye magari yao wenyewe ya kwenda nyanjani. Na risiti! Nikamuuliza nani wa boda pale Kapsokwony atanikatia risiti. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za jengo lile, nikalia mchana kweupe, mwalimu mzima, wanafunzi wangu wakinipita. Ruzuku ya kuchunguza kwa nini wasio nacho hawapati, wameiweka mahali ambapo asiye nacho hafiki. Hata kama ningetukana, nisingelisema jambo hilo vizuri zaidi ya hapo.

Nilijaribu, nisionekane niliketi tu. Chama cha akiba na mikopo kilitaka karatasi ya mshahara, na anayelipwa kwa saa hana karatasi hiyo. Dada yangu wa Ndalu alikuwa ameshauza mahindi yote, akalipia shule. Profesa nilimpigia simu, akakohoa kwa muda mrefu, akasema pole. Mwishowe nikasema liwalo na liwe, nitaanza na walio karibu, kwa miguu, bila nauli. Mwenye duka la nakala akanikopesha hojaji. Sukari sikuwa nayo, na hata kama ningekuwa nayo, nilikuwa nimetia sahihi kwamba sitampa mhojiwa kitu chochote.

Asubuhi niliyofika njia panda na bahasha yangu, hakuna aliyenisogelea. Nikawasalimu, wakaitikia kama watu wanaodaiwa salamu.

"Mwalimu, tulikuwa kanisani," akasema Mama wa Kapsokwony.

"Najua, mama."

"Tulikuimbia. Wewe umepata pesa kwa jina letu, sawa, Mungu ni mwema. Lakini hata sukari ile umeacha kuleta, ati sasa unataka nyumba zote. Si hiyo ni dharau?"

Nikawaeleza. Nikaeleza tena. Kwamba nimepewa lakini sina, kwamba lazima nitumie zangu kwanza ndipo nirudishiwe. Mmoja wao, msichana tu, akapiga makofi ya kicheko. "Umepewa na huna? Hiyo pesa ni ya wapi, bana?" Wakacheka wote, na hapo nikasikia maneno yangu jinsi wanavyoyasikia wao. Uongo mtupu. Hata mimi nisingejiamini.

Mama wa Kapsokwony peke yake hakucheka. "Mwalimu, hatugombani," akasema. "Andika tu kwamba hatukuwepo." Trekta ikaja, wakanigeuzia mgongo. Hilo la mgongo liliniuma kuliko barua zote za kamati.

Kanisani waliendelea kumwita mama yangu Mama Daktari, ila sasa walilivuta lile neno. Mama alisikia, si kiziwi. Akahamia viti vya nyuma. Kisha akawa na mafua kila Jumapili. Sikumlaumu hata siku moja, maana alifanya ambalo mama yeyote wa kwetu angefanya, lakini hatukuweza kulizungumza. Tuliongea habari za mvua na bei ya unga.

Desemba profesa alistaafu. Kulikuwa na keki na soda, nikapiga makofi pamoja na wengine. Januari ratiba ya masomo ikatoka, jina langu halimo, Kitale wala Bungoma. Wiki hiyo hiyo ofisi ya ruzuku ikaniandikia kwamba kwa kuwa sikutumia fedha nilizopewa katika muda uliowekwa, ruzuku imefungwa. Walinitakia heri na kunihimiza niombe tena. Nilisoma mara moja tu, nikazima simu.

Nilitafuta kazi za kufundisha shule za binafsi mjini. Wakaniambia nimesoma kupita kiasi. Nikafunza watoto wa jirani jioni, mpaka na jirani akafutwa kazi. Msimu wa kupanda ulipofika, Mama alikuwa ameanza kusema kila jioni kwamba hana njaa, nile mimi. Nami nikaanza kusema vivyo hivyo, tukawa tunasukumiana sahani moja kama watu wenye adabu nyingi. Mwishowe hata sahani ya kusukumiana ikakosa.

Asubuhi moja nilivaa gambuti za Mama, zile buti zake za mpira, nikajifunga leso yake, ileile ya shukrani, nikatoka. Alikuwa macho. Aliniona na hakuuliza naenda wapi, akageukia ukuta.

Njia panda ilikuwa na matope. Wanawake walikuwa wameshafika.

"Leo una maswali gani, mwalimu?" akauliza Mama wa Kapsokwony.

"Sina maswali. Nimekuja kazi."

Nilijiandaa kwa kicheko, hakikuja. Wakasogea kidogo nami nikasimama katikati yao, nikatazama barabara kama wao. Trekta ikafika. Nyapara hakutazama uso wa mtu yeyote, alitazama miguu, maana shamba lilikuwa limeloa na wenye ndala humchelewesha. "Wewe wa gambuti," akasema, "panda." Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze kuchaguliwa na mtu. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi kweli.

Mama wa Kapsokwony alinivuta mkono nikapanda, akanisogezea nafasi juu ya magunia ya mbolea. Tulipita lango letu. Tulipita kanisa. Kisha akanigeukia, akaketi wima, akakunja uso hasa nilivyokuwa nikikunja mimi, na akatoa sauti yangu, ile ya ofisini. Hata kalamu aliishika, kalamu ya hewa.

"Katika mwezi uliopita," akasema, "kuna siku ulilala bila kula kwa sababu nyumbani hakukuwa na chakula?"

Trela nzima ikaangua kicheko, yule msichana akinipiga bega. Nikacheka nao. Walingoja nimjibu kwa utani.

"Ndiyo," nikasema.

Kicheko kikaisha taratibu. Mama wa Kapsokwony akashusha ule mkono wa kalamu. Aliposema tena ilikuwa kwa sauti yake mwenyewe, ya chini, naye alikuwa akilikumbuka swali la pili.

"Siku ngapi?"