Bronka na Mashine Inayokwama Kila Stempu ya Ishirini

Saa mbili kasoro robo asubuhi, na Bronisława Kujawa ameshagombana na mashine mara tatu. Anashusha mpini, kisu kinakata stempu, kitambaa chenye maji kinailowanisha, nayo inabandikwa kwenye pembe ya bahasha. Paa! Bahasha nyingine. Paa! Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Mpini unagoma katikati ya safari.

"Haya, umeanza tena, mwanaharamu wewe," anaiambia mashine.

Anafungua kifuniko, anaingiza kibano na kutoa stempu ya senti moja iliyokunjamana. Jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Julai hii ya 1909 hapa Detroit, gundi inanata hata kabla haijaguswa na maji.

Bronka, kama wenzake wanavyomwita, ana miaka thelathini na minne. Ni mjane anayeishi na mama mkwe wake. Kwa miaka sita alilowanisha stempu kwa sponji katika kampuni hii inayouza vifaa vya shamba kwa barua, kwa dola sita kwa wiki. Mashine ilipokuja Februari, akapandishwa hadi dola tisa.

"Hizo tatu ndizo zilizotutoa kwenye chumba cha chini ya ardhi," anasema. "Mama mkwe sasa anaona jua. Nimwambie nini, arudi shimoni?"

Wakala wa mashine alimwahidi meneja, Bwana Hartwig, bahasha elfu tatu kwa saa. Jana Bronka hakufikisha hata elfu moja. Amepewa mpaka Jumamosi. Mashine ikiendelea kukwama itarudishwa ilikotoka, na yeye atarudi kwenye sponji.

Kinachoudhi ni kwamba ugonjwa wenyewe unajulikana. Posta inauza stempu katika karatasi kubwa zisizotobolewa vitundu vya kuchania. Katika chumba cha pili, wanawake sita wanazikata kuwa kanda za stempu ishirini ishirini, kisha wanaziunga kwa gundi mpaka itimie rili, yaani msokoto mmoja wa stempu elfu moja. Kila kiungo kina ukingo, na ukingo huo unaelekea kwenye kisu. Hapo ndipo kisu kinapoudaka na kuukunja.

Mwezi Mei zilianza kuja rili zisizokwama kabisa. Bronka alizifuatilia, akakuta zote zimetoka kwa mtu mmoja, Apolonia Grzyb, ambaye wenzake humwita Polcia. Polcia hutumia mkono wa kushoto. Anaunga akitokea upande wa pili, kwa hiyo ukanda mpya unalala chini ya uliotangulia, na ukingo unakipa kisu mgongo.

"Nilifurahi kama mjinga," anasema Bronka. "Nikakimbia kumwambia msimamizi. Laiti ningefyata ulimi!"

Msimamizi wa chumba cha gundi, Bi. Trudel, alitazama maagizo ya wakala yaliyobandikwa ukutani: ukanda mpya juu. Basi Polcia akawa mkosaji. Tangu siku hiyo mkono wake wa kushoto unafungwa kiunoni kwa utepe wa aproni yake mwenyewe, na anaunga kwa wa kulia, polepole, akimwaga gundi.

Saa ya chakula, Polcia anakula mkate mweusi kwa mkono mmoja. Bi. Trudel anapita. Bronka hamwachi apite hivi hivi.

"Bi. Trudel, mwachie mwenzio mkono wake."

"Maagizo ni maagizo, Bronka."

"Yameandikwa na mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti hiki!"

"Si uigeuze hiyo rili?"

"Niliigeuza! Stempu zikatoka kichwa chini miguu juu, Bwana Hartwig akanifokea mbele ya watu. Umeshasahau?"

"Mwandikie wakala."

"Nimeandika mara mbili. Unajua alivyojibu? Mashine haina kasoro, badilisheni mtu anayeiendesha!"

Bi. Trudel anainua mabega na kwenda zake. Polcia ameinamisha uso.

"Usigombane kwa ajili yangu, dada. Watanifukuza."

"Kula, wewe."

Mwandishi wa habari hizi anamuuliza Bronka atafanya nini Jumamosi. Anapangusa kisu kabla ya kujibu.

"Sitaigusa. Nitamwambia Bwana Hartwig akae yeye hapa, abandike bahasha mia moja tu kwa rili za maagizo ya ukutani. Akishakwama mara tano na kulaani vya kutosha, nitamwekea rili ya Polcia. Ninayo moja, nimeificha."

Na asipokubali kukaa?

"Basi nitarudi kwenye sponji, na mama mkwe nitamweleza mwenyewe." Anashusha mpini kwa nguvu. "Lakini Polcia nitamfungua mkono siku hiyo hiyo, kwa mkasi wa Bi. Trudel, na Bi. Trudel akiwa anatazama."